Asili ya Wapi?

Mpaka leo ile sufuria ya uji inanitia kinyaa. Nimeisugua kwa mchanga na majivu, bado naona utando wa kijani ukingoni, hata kama haupo.

Mtoto wangu alikuwa hajafikisha mwaka, ana homa ya meno. Mama mkwe akaja kutoka Bukene kunisaidia, na redio yake mkononi. Asubuhi hiyo redio ilikuwa inaeleza mimea ya kisiwa cha Madagaska: mibuyu minene kama matangi, maua chungu nzima yasiyoota kwingine duniani. Halafu mtangazaji akataja lile ua la rangi ya waridi linaloota hovyo uani kwetu na makaburini. Kumbe ni mmea wa asili wa kule, na viwandani wanautumia kutengeneza dawa ya saratani ya damu ya watoto. Nikafurahi kama mjinga, nikaenda sokoni kununua dagaa.

Narudi, mama mkwe kampakata mtoto, kijiko mdomoni. Sufuria ya uji imejaa maji ya kijani, maua yamevimba yanaelea kama kamasi.

"Mama, nini hicho?"

"Dawa. Si umesikia redioni? Ya asili."

"Asili ya Madagaska, mama! Maana yake ndiko kwao. Hawajasema uchemshe!"

"Asili ni asili. Haina kemikali."

"Ni sumu! Mbona hata mbuzi hawaligusi?"

"Mbuzi hana saratani."

"Na mtoto anayo?"

Akabetua mdomo. "Haya, msomi wa fomu foo."

Nikampokonya mtoto. Akanitapikia kifuani, kijani kitupu, kinanuka majani yaliyooza. Uchungu wa ile dawa ulimfaa kuliko bibi yake: kijiko kimoja tu, nacho kakitema.

Kule zahanati muuguzi alituweka mpaka jioni, kila mara anakuja kusikiliza mapigo ya moyo. Mimi na mama mkwe benchi moja. Mtoto alipolilia ziwa ndipo nilipopumua.

Kesho yake nikaanza kung'oa yale maua yote.

"Hata hili la ukutani?" mama mkwe akauliza kwa unyonge.

"Hata hilo."

Akaling'oa mwenyewe na mizizi yake, akanawa kwa sabuni, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu. Nikaiangalia ile mikono. Nikampa bakuli la dagaa achambue.