Nilivyoiamkia Lada ya Ukweni

Wasomaji, chekeni taratibu, bado nauguza aibu. Juzi nilikwenda Kiomboi kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Neema. Uani nikakuta gari, Lada ya Mrusi, kuukuu, fupi, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, na juu ya taa za mbele vitaa vidogo kama nyusi za mtu aliyeshtuka. Nikasahau hata kupiga hodi! Nikaizunguka nikicheka peke yangu, nikaipapasa boneti, nikaiinamia: “Shikamoo, bibi kizee! Umechakaa, lakini shepu bado ipo!”

“Marahaba,” sauti ikajibu kutoka ndani ya gari.

Kwenye kiti cha nyuma akainuka mama yake Neema, mikono imejaa vitunguu vilivyomwagika, alivyokuwa akiviokota chini ya kiti.

“Baba Neema,” akaita, “mkwe wako amefika. Ameshanisalimia.”