Mawe Yanayoondoka Kushoto

Watu wakijua una boksi la manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, wanakuomba uwapendekezee. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtu huyo hapa Singida Mjini: mzee wa makamo mwenye shahada mbili na kitambi kimoja, anayesimamishwa sokoni aulizwe ni manga gani yenye michoro isiyofanana na mingine na dunia ambayo mtu hajawahi kuiona. Huwa najibu kwa kujiamini sana, kama anayeijua Japani kama anavyoijua njia ya kwenda Kiomboi. Japani sijafika. Na maneno yaliyomo katika vitabu hivyo sijui kusoma hata moja.

Boksi niliachiwa na jirani, kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati katika sekondari moja hapa. Alikaa miaka miwili nyumba ya pili kutoka kwangu, upande wa ziwa. Asubuhi aliyoondoka nilimsindikiza stendi. Basi likiwa limeshawashwa ndipo akakumbuka kunieleza jambo kuhusu vile vitabu. Kioo kilikuwa kimefungwa na injini inanguruma, kwa hiyo akanifanyia ishara: mkono wake ukatoka kulia kwenda kushoto, taratibu, mara tatu. Nikadhani ananiaga. Nikampungia na mimi mpaka basi likakata kona.

Katika boksi mlikuwa na vitabu kumi na kitu. Kimoja kimechorwa kwa mistari myembamba kama nywele: mji mzima ni ngazi, hakuna sakafu, watu wanapika kwenye ngazi na kuzaliana kwenye ngazi, na mwenye goti bovu ndiye maskini. Hicho nawapendekezea wenye macho mazuri na subira. Kingine ni wino mwingi mweusi, kurasa zinafanana na sufuria iliyoungua. Ndani yake watu wanafuga vivuli kama kuku, wanavifungia jioni na kuvifungulia asubuhi. Hicho ni cha wanaopenda kuogopa kidogo. Lakini nilichokuwa nakisifia kuliko vyote ni cha tatu, kile cha penseli.

Kimechorwa kwa penseli tupu, laini, kana kwamba ukipuliza ukurasa mchoro utaondoka. Karibu hakina maneno. Nchi yake ni tambarare kavu yenye mawe makubwa ya mviringo, yamebebana kama yetu haya ya pembeni mwa mji, ila ya kule yanatembea. Yanatembea polepole mno, na kuna mwanamke anayeyachunga. Ana fimbo na mtungi wa maji. Nilivyokisoma mimi, hadithi inaanza na tambarare tupu. Kisha anatokea bibi kizee nyuma ya kilima. Mawe yanaanza kurudi nyumbani, moja moja. Vigae vilivyotapakaa chini vinakusanyika na kuwa mtungi, na maji yanapanda kutoka ardhini na kuingia humo. Yule bibi ananyooka mgongo, mikunjo inamtoka, na kwenye ukurasa wa mwisho ni msichana amekaa katikati ya mawe yake yote, anacheka.

Nilikipenda mno. Niliandika makala ndefu kuhusu dunia ambamo kilichovunjika hujiunga chenyewe, nikaitolea mada kwenye semina ya walimu, nikatumia neno falsafa mara nyingi kuliko nilivyojua maana yake. Walinipigia makofi. Pale ambapo mtiririko wa picha ulinigomea nilisema hiyo ndiyo sanaa yenyewe.

Mwaka huohuo dada yangu alipata kiharusi.

Ni dada yangu mkubwa, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza Kinampanda miaka thelathini, na mimi nilikuwa miongoni mwa watoto wake wa mwanzo. Alitembeza rula chini ya mstari kutoka kushoto, na ole wako jicho lako likianzia pengine. Sasa anaishi Kiomboi, kwa mwanawe. Alipotoka hospitali alikuwa anaongea vizuri, akili yake ileile, utani wake uleule, ila mkono wa kushoto ulikuwa mzito na upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umetoweka. Macho yalikuwa mazima. Ni kwamba hakujua tena kuwa huko kuna kitu.

Alikula ugali upande wa kulia wa sahani tu, akalalamika.

"Siku hizi mnanipimia," alimwambia mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye ndiye anayemtunza.

Mkwe aliizungusha sahani.

"Ahaa. Kumbe mlikuwa mmeficha."

Gazeti nilimpelekea mwenyewe. Kichwa cha habari kilisema wakulima wa alizeti wapata soko. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Wapata soko."

"Akina nani, dada?"

"Halijasema." Akalikunja. "Magazeti yameharibika."

Lakini jioni ile alijaribu Biblia yake ya siku zote, na ikawa hivyohivyo: kila mstari ulianzia katikati. Sikumwona akilia. Alivua miwani, akaipangusa, akaitia kwenye kasha lake na kulifunga kwa kidole gumba mpaka likalia. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kusoma kwake kumeishia hapo. Mkwe aliniambia kasha lile halikufunguliwa tena tangu siku hiyo. Alikuwa anakaa barazani, ameelekea kulia, kwenye ukuta, akiongea na yeyote aliyekuja kana kwamba mtu huyo yuko ukutani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ametupa agizo moja: msimfuate kulia aliko. Kaeni kushoto, wekeni vitu kushoto, mumwite kutoka huko. Asipovutwa, atazoea nusu.

Nikafikiria kile kitabu cha penseli. Nitasema ukweli: sikumpelekea kwa sababu ya agizo. Nilimpelekea kwa sababu hakina maneno ya kumwaibisha, na kwa sababu ni kitabu ambamo mtungi unajiunga. Mtu aliyesoma sana hushikwa na ushirikina kwa njia ya mzunguko.

Nilifika saa nane mchana. Nilitoa shikamoo, ukuta ukajibiwa marahaba. Nikakaa upande wake wa kushoto kama tulivyoagizwa, mkwe akawa anachambua mlenda ng'ambo ya baraza. Ilikuwa saa ile ambayo Kiomboi inasinzia, mwanga mweupe umelala juu ya mashamba, na mawe ya mbali yanacheza kwenye joto kama yanataka kuamka. Nilimfungulia kasha la miwani, nikamvika, nikamwekea kitabu mapajani na kufunua mwanzo wa hadithi.

"Picha," alisema.

"Picha tupu. Niambie unaona nini."

Aliona ukurasa wa kulia, basi. "Bibi kasimama kilimani. Anaondoka."

Nikafunua.

"Karudi huku chini. Mbona alikuwa ameshavuka?"

"Ndiyo hadithi, dada. Anarudi."

Nikafunua tena, na tena. Kidole chake cha kulia kikatembea juu ya picha.

"Mtungi umevunjika," alisema.

"Subiri." Nikafunua ukurasa wangu mpendwa, ule wa mtungi mzima.

Akauangalia. Kisha akasema, "Unafunua kinyume."

"Sifunui kinyume. Dunia ya hawa ndivyo ilivyo. Vilivyovunjika vinajiunga."

"Nani kakwambia?"

"Nimeandika makala."

Mkwe aliinamia mlenda wake, mabega yakimtikisika.

"Wewe," dada aliuambia ukuta kwa upole, "nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Mtoto aliyeshika kitabu nyuma mbele ninamjua hata akiwa mlangoni. Tazama hapa." Kidole chake kikakaa kwenye picha ya kulia kabisa, kikasogea kidogo. "Hapa mtungi uko kichwani. Hapa anajikwaa. Hapa maji yako chini. Maji yanamwagika, hayazoleki. Kinaanzia huku nilipo mimi."

Nikaona basi stendi, kioo kilichofungwa, na mkono wa yule jirani ukitoka kulia kwenda kushoto, mara tatu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mjinga. Nami nikimpungia.

Niligeuza kitabu, tukaanza upya, safari hii mwanzoni kweli: msichana, mawe yake yote, kicheko. Na sasa nikaelewa kilichokuwa kikitokea. Kwa maisha yake yote kila kitabu kilikuwa kimeanzia kushoto, na kushoto kulikuwa kumekufa. Hiki, kama vitabu vya Kijapani vilivyo, kilianzia kulia, upande aliobaki nao. Alikuwa anaingia kwa mlango wa mbele.

Alisoma ukurasa wa kulia, akaufurahia. Alipenda jiwe moja hasa, lenye baka jeupe begani. Alisema anamjua ng'ombe wa namna hiyo, mkaidi, anayetangulia wenzake. Kurasa kadhaa zikapita nikimfunulia, naye akiruka kurasa za kushoto bila kujua ameziruka, akilalamika kwamba mchoraji ana haraka. Ndipo tukafika mahali mawe yanaanza kuondoka. Kwenye ukurasa wa kulia lile la baka linageuka. Linatambaa. Katika picha ya mwisho ya ukurasa limeshatoka nusu, limemezwa na ukingo wa kushoto.

"Halafu?" aliuliza.

Mimi nililiona, kwenye ukurasa wa kushoto.

"Halafu kaenda wapi?"

Mkono wangu ulishika kitabu ili nikisogeze kulia, mbele ya macho yake. Ni kazi ya vidole viwili.

"Mjomba," mkwe alisema bila kuinua kichwa. "Usimsogezee."

Nikaukalia mkono wangu. Kuku alipita barazani, akasimama, akafikiri, akaendelea. Mwanga ulisogea kidogo kwenye sakafu. Dada alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyewahi kumpenda. Kidole chake kilifika mwisho wa ukurasa, kikasita kwenye bonde lile la katikati ya kitabu, kikaondoka, kikarudi. Shingo yake ilianza kugeuka. Iligeuka kwa mwendo wa yale mawe. Usingeiona ikienda, ungeona tu kwamba sasa iko mahali pengine. Kidole kikavuka bonde.

"Huyu hapa," alisema. "Kumbe anapanda kilima."

Hakuishia hapo. Macho yake yalimfuata yule mkaidi hadi ukingo wa ukurasa, yakatoka nje ya kitabu, yakakuta goti la suruali yangu, yakapanda. Akaniona.

"Kumbe uko hapa."

"Niko hapa tangu saa nane, dada."

"Na hujanipa shikamoo?"

"Nilitoa."

"Ulimpa nani?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alinitazama kwa makini, kama anayekagua daftari. "Ndevu za upande huu hukunyoa."

Sipendi hadithi zinazoponya watu, na hii si mojawapo. Kesho yake asubuhi alikunywa nusu ya uji aliowekewa mezani, yaani kikombe cha kulia, na cha kushoto kikapoa. Tulipomaliza kitabu, mwanamke ni mzee, mtungi hakuna, mawe yameondoka yote na yeye anayafuata nyuma ya kilima, na ukurasa wa mwisho ni tambarare tupu. Hakuna dunia isiyo ya kawaida pale. Vitu vinavunjika, watu wanazeeka, mifugo inaondoka, kama Kinampanda. Nilimwambia samahani, sikujua kinaisha hivyo. Akasema mbona kimeisha vizuri, hakubaki peke yake uwanjani.

Tangu hapo kasha la miwani linakaa wazi. Ule mji wa ngazi ameshaumaliza, ingawa anasema waliojenga hawakuwa na wazazi. Sasa yuko kwenye wafuga vivuli. Anasoma kulia, anakwama ukingoni, anauliza halafu, na sisi tunakalia mikono yetu. Siku nyingine anavuka, siku nyingine anachoka na kunirushia kitabu. Juma lililopita alivaa miwani akachukua lile gazeti la alizeti mwenyewe, akatafuta mwanzo wa mstari kwa kidole mpaka ukingoni kabisa kushoto, akasoma: "Wakulima." Akapumzika. Kwa siku hiyo ilitosha.

Kwa hiyo mkiniuliza, bado napendekeza kile cha penseli kwanza. Kifungueni kwa upande ambao mikono yenu itakataa.

Makala yangu sijaisahihisha. Jumamosi iliyopita dada alikuwa amesinzia kitini, nami nikakichukua kitabu cha penseli taratibu na kukisoma kwa njia yangu ya zamani, kutoka tambarare tupu. Bibi akatokea nyuma ya kilima. Jiwe la kwanza likarudi.

"Unafunua kinyume," alisema, macho ameyafumba.

"Najua, dada."

Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Haya. Ukifika kwenye mtungi, niamshe."