Cheti cha Balozi

Fundi seremala hakuwahi kutengeneza fremu nzuri kama ile aliyomtengenezea bintiye. Aliipiga msasa siku tatu, akaipaka vanishi mara mbili, akaikatia kioo, na ndani yake akaweka cheti ambacho binti alirudi nacho baada ya miaka miwili ya kusomea Kichina ughaibuni. Akakitundika sebuleni juu ya televisheni, ili hata anayetazama mpira akione. Siku mbili za mwanzo kilikaa kichwa chini miguu juu, na wageni walikisifu vilevile. Binti ndiye aliyekigeuza, nyumba ikiwa tupu, maana mtaani kote ni yeye tu aliyejua kilichoandikwa.

Kiliandikwa kwamba mwanafunzi huyu amehudhuria masomo kwa miaka miwili na hakufaulu mtihani wa mwisho. Basi. Chini yake kulikuwa na muhuri mwekundu, mkubwa, na huo muhuri ndio uliowapumbaza watu. Siku aliporudi, baba alimuuliza kama amefaulu, naye akajibu, "Ndiyo, baba." Fundi ni mtu asiyeuliza jambo mara mbili. Ukimjibu, amekuamini.

Na wala si kwamba binti hana akili. Mwaka wa kwanza alisoma mpaka walimu wakamjua kwa sura. Mwaka wa pili akahamia chumba cha wenzake watatu wanaozungumza Kiswahili, na humo Kichina kikaanza kumponyoka. Walipika pamoja, walisukana, walicheka mpaka mbavu zikauma. Darasani akawa wa kukaa nyuma kabisa, karibu na kipasha joto, akisinzia. Mtihani ulimwangusha kwa alama kumi na moja. Akapewa nafasi ya kurudia. Asubuhi hiyo alivaa, akafunga kamba za viatu, kisha akakaa kitandani mpaka saa ya mtihani ikapita. Hakuwa mgonjwa. Aliogopa tu, na hilo lilimtia haya kuliko kufeli kwenyewe.

Nyumbani baba akambatiza jina la Balozi. Majirani wakamletea rimoti, majiko ya umeme, makopo ya rangi, awasomee maelezo. Alisoma alichokijua, kilichobaki akakibuni. Alijua fika kwamba anavishwa kilemba cha ukoka, na bado kila kilipoletwa aliinamisha kichwa avishwe.

Ndipo akaja msimamizi wa ujenzi wa barabara, Mchina wa makamo mwenye Kiswahili cha kuokoteza, kuagiza milango kumi na miwili ya vyumba vya wafanyakazi wake. Fundi hakumwonyesha hata ubao mmoja. Alimshika mkono akamwingiza sebuleni na vumbi lake la mbao.

"Soma mwenyewe, bosi. Huyu ni wangu, nimemzaa mimi. Mpe kazi ya ukalimani."

Binti alikuwa mlangoni na trei ya chai. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mgeni alivaa miwani, akasoma mpaka kwenye muhuri, akarudia tena kutoka juu. Halafu, bila kugeuka, akamuuliza binti kwa Kichina, taratibu, "Baba yako anajua?"

"Hajui," binti akajibu kwa lugha ileile.

Mgeni akavua miwani. "Cheti kizuri," akamwambia fundi kwa Kiswahili. "Mtoto amesoma. Kazi, mimi nitafikiri." Akatoka kwenda karakana kuangalia mbao.

Fundi alikuwa amevimba kichwa. "Mmeongea kama mliozaliwa pamoja! Alikuuliza nini?"

Majibu yalikuwepo tele. Angeweza kusema ameulizwa umri, au mji aliosomea. Lakini mtu baki amesema uongo ndani ya nyumba ya baba yake ili kufunika uzembe wake yeye, na aibu hiyo hakuweza kuimeza. Akaweka trei mezani.

"Ameniuliza kama unajua, baba."

"Najua nini?"

Akakisoma cheti chote, kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari, hata tarehe. Kisha akaeleza habari ya kitanda na viatu, ambayo haikuandikwa popote.

Fundi alifuta fremu kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Watu wote wale," akasema. "Nimewaleta hapa mwenyewe, mmoja mmoja."

"Nisamehe, baba."

"Na huyu bwana?"

"Alinionea huruma."

"Ametuonea huruma sote." Hakupandisha sauti, na binti angeona nafuu kama angepandisha. "Twende. Mwambie kwa lugha yake kwamba sasa najua. Milango nitamtengenezea. Ile kazi asiifikirie tena."

Karakanani mgeni alikuwa amechuchumaa na futi kamba mkononi. Binti akamweleza yote, na hakutafuta neno hata moja. Mwaka mzima hakuwahi kukizungumza Kichina vizuri namna ile. Mgeni akasimama, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwinamia fundi kichwa.

"Umemwambia yote?" fundi akauliza.

"Yote, baba."

Fundi akamtazama mgeni, akamtazama bintiye, akaokota randa yake, akairudisha chini.

"Yote?" akauliza tena.