Betri ya Landrova ya Mume Wangu

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Uganda akiwa haoni. Kabla ya hapo alikuwa dereva, na Landrova yake kuukuu ilibeba mahindi na wagonjwa kutoka Rhotia hadi Karatu. Sasa ilikaa tu kando ya zizi, matairi yakaoza. Hakukubali iuzwe, wala betri yake ife.

Kila Jumamosi nilimshika mkono hadi kwenye gari, akaketi juu ya debe, nikafungua boneti.

"Anza na waya wa hasi," alisema kila mara, kana kwamba ningesahau.

Nililegeza nati, nikakoroga magadi kwenye maji ya vuguvugu, nikasugua ule unga wa kijani kwenye vichwa vya betri kwa mswaki mkuukuu. Yeye aliinamisha kichwa akisikiliza povu. Likinyamaza aliniambia nisuuze, nikaushe, nipake grisi. Ndani niliongeza maji ya mvua tuliyokinga kwenye bakuli la plastiki, maana maji ya betri hayakupatikana dukani miaka ile. Khanga zangu zilitobolewa na tindikali, na moyoni nilinung'unika. Mwisho alipanda, akawasha injini, akakaa ameshika usukani.

Masika moja, asubuhi, jirani alikuja mbio. Mkewe alikuwa na uchungu tangu jana yake, na pikapu ya kaka yake imegoma, betri imekufa.

"Chukueni yangu," mume wangu alisema.

"Jioni tutairudisha, kaka."

"Fungueni upesi. Hasi kwanza."

Mama yule alifika hospitali, akajifungua binti. Lakini wakati wa kurudi pikapu iliteleza kwenye tope, ikagonga ukingo. Hakuumia mtu. Betri ilipasuka. Jirani aliileta ndani ya gunia, machozi yakimtoka.

"Mtoto mzima?" mume wangu aliuliza.

"Mzima."

"Basi, usilie."

Aliyapapasa yale mapande, akayarudisha guniani taratibu.

Jumamosi ilipofika nilimwambia, "Twende nje, baba."

"Kufanya nini?"

Hakutoka siku ile, wala Jumamosi zilizofuata. Chakula alikirudisha kikiwa kimeguswa kidogo tu. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Msibani watu walisema vita ndivyo vilivyomwua, nami sikubishana nao. Lakini mimi niliishi naye. Hadi masika yale, mume wangu alikuwa bado dereva.