Boneti ya Ndege na Marahaba Nisiyoiomba

Hiki ninachoandika kilinitokea mimi, mchana, jua likiwa utosini, na nilikuwa na akili zangu zote. Sikuwa na homa. Sikuwa na njaa, nilikuwa nimekula ugali na maharage. Ukitaka kucheka cheka sasa hivi, umalize, halafu unisikilize.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Lakini ulizeni Soni mpaka Lushoto mjini ni nani aliyewanyooshea magari yaliyobingirika kwenye kona za kupandia kutoka Mombo. Bati nikilishika linatii. Hakuna aliyenifundisha, nilijifundisha kwa nyundo na kwa vidole vilivyovimba. Kwa hiyo sipendi kufundishwa. Lishike neno hilo, ndilo lililoniponza.

Shemeji yangu, Mwalimu Rajabu, aliyemwoa dada yangu Mwanaidi, alikuwa mwalimu wa ufundi Tanga. Alipostaafu akahamia Mnazi, kule chini kwenye joto, akaanza kuunda ndege. Ndiyo, ndege. Ya mtu mmoja, mbao na kitambaa, kwa michoro aliyotumiwa na rafiki yake wa ng'ambo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa ghafla, kila mtu anajaribu lake. Nilimuuliza, "Kibali unacho?" Akasema, "Shemeji, si wamesema kila kitu ruksa?"

Injini ya kwanza ilikuwa kidude kidogo kinachonguruma kama nyuki ndani ya debe. Ikafa, na spea hakuna. Mwalimu akapata nyingine Tanga, mtumba, ya kile kigari cha mgongo wa kobe ambacho injini yake hupozwa kwa upepo, haina rejeta. Nzuri, lakini nzito zaidi na pana zaidi. Boneti ya zamani haikuingia hata kwa kusukuma. Ndipo nikaitwa.

Tulifanyia kazi kwenye korona. Vijana, msiruke, huo si ugonjwa. Ndivyo tulivyoita jengo la mashine ya kukamua mkonge. Shamba lile lilishakufa, mashine zilishang'olewa, limebaki paa na kuta. Mbele yake kuna uwanja mrefu ambao tajiri wa zamani alikuwa akitua na kindege chake.

Alhamisi tuliifunga injini. Tulipima uzito wa mkia na pua kwa mizani ya viazi, tukairudisha injini nyuma kidogo mpaka ndege ikakaa sawa. Tukaiwasha bila boneti, ikaimba. Ijumaa ikabaki kazi yangu mimi: kugonga boneti mpya kwa bati la alumini la tela bovu.

Mwalimu akaniambia, "Shemeji, acha nyundo, twende Ijumaa kwanza."

"Nenda wewe. Mungu ananiona hata hapa."

"Anakuona, lakini hapa hamna imamu."

"Nenda, Mwalimu. Ukirudi utakuta pua ya ndege yako imekamilika."

Akaondoka. Mnazi nzima ilikuwa msikitini. Nilibaki mimi na nyundo yangu.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa nimeshaifunga boneti, nimeinama naipapasa, nikahisi kuna mtu. Nikageuka. Mlangoni kasimama kijana, umri kama wa mwanangu wa tatu, miaka ishirini na mbili hivi. Kaptula ya kaki ya marinda, kama za zamani. Shati limepigwa pasi. Kwenye joto lile la Mnazi, hana hata tone la jasho.

Nikangoja aniamkie. Mimi mvi hizi sikuzipaka chokaa. Yeye naye kimya. Hata ile "onga mshi" ya Kishambaa hakuitoa. Tukatazamana. Halafu akatikisa kichwa taratibu, kama mkubwa anavyomwitikia mtoto, akasema:

"Marahaba."

Nilihisi damu inapanda. "Marahaba ya nani? Nani kakuamkia wewe?"

"Nilidhani unaniamkia."

"Mimi? Nikuamkie wewe?"

"Mwaka wa nzige nilikuwa nishaota meno," akasema. Hakuwa anacheka. "Wewe je?"

Mwaka wa nzige mama yangu alikuwa bado mwari! Nikajua huyu ananidhihaki, vijana wa ruksa hawa wamekosa adabu. Nikamgeuzia mgongo. Akaingia. Akaishika injini, na mimi nilikuwa nimetoka kuijaribu kidogo, bomba lake la moshi lingekaanga yai. Kakiweka kiganja pale, kakiacha. Hakukiondoa. Nilijiambia labda imepoa. Nikagusa mimi, nikaungua. Kovu hili hapa kwenye kidole.

Na jambo jingine, siku ile sikulitilia maanani. Kila alipotaka kwenda upande wa pili wa ndege hakupita mbele ya lile panga la puani linalozunguka, ingawa lilikuwa limesimama na ndiyo njia fupi. Alizunguka mkiani, mwendo wote ule. Mara tatu. Nani anatembea hivyo?

Akachutama chini ya boneti. "Upepo umeufungulia mlango wa kuingia," akasema. "Wa kutokea uko wapi?"

"Upo."

"Tundu la panya hilo. Upepo ukipata moto unavimba. Mlango wa kutokea uwe mkubwa kuliko wa kuingilia. Atakufa mtu."

Nikaishika nyundo. "Nilikuwa napiga bati wewe hujazaliwa. Toka!"

Akanitazama. Wallahi hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeomba maji akanyimwa. Akazunguka mkiani, akatoka. Nikamfuata nimtukane zaidi. Niamini: nje uwanja mtupu, mweupe, unaona mpaka mwisho wa macho. Hakuna mtu. Vumbini nyayo za Mwalimu zikienda msikitini, na zangu. Basi.

Nikarudi ndani. Chini ya boneti nikakuta mstari wa vumbi jekundu, umechorwa kama mdomo uliofunguka, upana wa shubiri moja. Vumbi la pale ni jeupe, na sikumwona akichora. Nikachukua tambara lenye petroli, nikaufuta.

Mwalimu aliporudi nikamuuliza, "Kuna kijana umemtuma hapa?"

"Kijana gani? Wote tulikuwa msikitini."

Nikageukia vyombo vyangu. Ningesema nini? Kwamba mtoto kanifundisha kazi?

Jumamosi asubuhi, kabla Mwalimu hajanywa chai, nikaitazama boneti. Mstari umerudi. Palepale, upana uleule. Tambara nilikuwa nalo. Nikaufuta tena, haraka, shemeji asione.

Kisha akaruka. Dada yangu alikuja na kanga mpya kumtazama mumewe. Mwalimu alizunguka angani mara moja tukapiga makofi. Alizunguka mara ya pili. Ya tatu injini ikaanza kukohoa, moshi ukatoka chini ya boneti yangu, halafu kimya. Hakuna kelele mbaya kama ule ukimya. Ndege ikateremka kama karatasi, ikaangukia kwenye mkonge uliotelekezwa. Tulimkuta hai. Lakini mwiba wa mkonge ulikuwa umeingia jicho la kushoto, na jicho lile halikurudi. Mwanaidi alilia mpaka sauti ikakauka, halafu akanishika mikono akasema, "Asante kaka, boneti yako imara ndiyo imemkinga." Nikaipokea asante ile.

Pembeni ya korona alikaa Bibi Mwanahawa, aliyefanya kazi shambani pale tangu msichana. Jioni ile nikaenda kwake, nikamweleza. Hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu:

"Ulimwamkia?"

"Bibi, ni mtoto!"

"Mtoto ni wewe." Akatema mate pembeni. "Yule ndiye alikuwa akizungusha panga la ndege ya tajiri, mpaka siku lilipomkata. Alikuwa hajaoa, hana mtoto, hana mjukuu. Rika lake wote tumeamkiwa mpaka tumechoka. Yeye nani alimwamkia? Hataki ubani wala mbuzi. Anataka shikamoo yake."

Je, ni kweli? Sijui. Sheikh mmoja aliniambia ni jini, na ingekuwa dawa yangu kwenda Ijumaa. Daktari aliniambia ni joto. Joto linachora mstari?

Tulipoikokota ndege kurudi korona, boneti ilikuwa imebonyea, na juu ya mabonyeo mstari mwekundu umekaa. Mara ya tatu. Safari hii sikuufuta. Nilingoja Ijumaa nyingine, nikaswali kwanza, nikarudi peke yangu. Nikasimama mlangoni, mzee mzima na mvi zangu, nikavua kofia.

"Shikamoo," nikasema.

Nikangoja. Nikangoja sana. Hakuna aliyejibu. Halafu nikakumbuka: marahaba yangu alishanipa siku ile ya kwanza. Aliyechelewa nilikuwa mimi.

Nikakata bati kwa kufuata mstari. Miezi ilipita tukitengeneza, na Mwalimu akaruka tena na jicho lake moja, mara moja tu kabla Mwanaidi hajamfichia ufunguo. Alizunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Niliigusa injini aliposhuka. Ilikuwa na joto la kawaida tu.

Tangu siku hiyo, nikiingia jengo lolote tupu mchana naamkia mlangoni. Sokoni Soni nawaamkia vijana nisiowajua, watoto wanaita, "Babu kachanganyikiwa!" Wacha waite. Kila mmoja ninamtazama kama ana jasho.

Na wewe unayesoma: ukikutana na kijana anayengoja umwamkie, mwamkie. Akikuonyesha kosa lako, litazame kabla ya kumtazama yeye.

Dada Mwanaidi, unasomewa haya na mjukuu wako, najua. Mstari ule niliuona kabla mumeo hajaruka. Niliufuta mara mbili, kwa mkono huu ulioushika ukaniambia asante.