Mstari Alioukata Mama

Mama yangu aliumia nyonga huko Moba, hospitali ikasema apasuliwe. Watoto wake tulikuwa tayari kulipa, lakini alikataa katakata: "Niko na yangu ku banki." Yake ilikuwa pensheni ya ualimu, nayo ilikaa kwenye banki ya hapa Kalemie, mwendo wa boti kutoka kitandani kwake.

Basi nikaenda kuchukua prokirasyo, karatasi ya kuniruhusu kutoa pesa kwa jina lake. Nikampa mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa anakwenda Moba, ampelekee Mama atie sahihi. Baada ya siku tisa ikarudi. Sahihi ilikuwepo, nzuri, ya mwalimu. Ila ule mstari uliosema "siwezi kufika mwenyewe kwa sababu ya ugonjwa", Mama alikuwa ameukata kwa rula, na juu yake ameandika: Naweza.

Karani wa banki aliishika kwa ncha za vidole. "Papa, hatupokeye karatasi yenye kukatwa. Mama aandike ingine."

Nikapiga simu nikichemka. "Mama, umefanya nini?"

"Nimeondoa uongo. Mwaka jana sikukuja? Tena na kuku wawili?"

"Mwaka jana! Sasa hata ku choo wanakubeba!"

"Na unataka niandike hiyo, banki yote isome?"

Karatasi ya pili ilirudi vilevile, kwa rula ileile. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Huku banki isiyokubali mkwaruzo, kule mama asiyekubali ugonjwa, na mimi kifungua mimba katikati, nalipia simu. Ya tatu niliituma na maneno makali: kama hataki kutia sahihi tu, basi alale hapo mguu uoze. Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi.

Ikarudi juma lililofuata, nikaipeleka banki bila kuifungua. Karani aliisoma, akagonga muhuri. "Sasa njo sawa, Papa."

Nikamwomba niione. Mstari ulikuwa mzima. Siwezi kufika mwenyewe. Chini yake kulikuwa na sahihi ndogo, imeteremka mpaka ukingoni.

Mwezi mzima nilikuwa nimeipigania karatasi hiyo safi, na sasa niliogopa hata kuishika. Nilitoa pesa, nikaenda bandarini kuuliza boti ya Moba inaondoka lini. Kisha nikapita nyumbani kuchukua ile karatasi ya kwanza, yenye Naweza, nimrudishie Mama.