Rubani mgeni niliyemfokea leo

Nimechoka jamani. Sifundishi mtu tena.

Leo niko nyumbani Moshono nacheza gemu mtandaoni, namwelekeza rubani mgeni jinsi ya kutua na chombo cha angani. Simjui. Yeye haongei, anasikiliza tu.

"Punguza mwendo!"
Anaongeza.

"We una akili kweli?"
Tumelipuka tena. Sauti imenikauka.

Hapo shangazi akaingia, katoka Nduruma na mkungu wa ndizi. Nikasimama kumsalimia, maiki sijazima.

"Shikamoo!"

Kabla shangazi hajaitikia, spika ikaitikia kwa sauti ya mzee kabisa: "Marahaba, mwanangu."

Shangazi akaduwaa. "Ndiye huyo uliyekuwa unamfokea? Nimekusikia tangu getini."

Sasa mzee wa watu anasubiri nimfundishe kutua.

Ungekuwa wewe?